Nitrojeni ya Samadi ya Farasi na Punda: Tanzania na Kenya Katika Mizani, na Somo Lake kwa Afya ya Jamii ya Arash

Waswahili husema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo inamwonea mnyama huyo. Katika kata ya Arash, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Umasaini, punda ndiye abebaye maji kutoka kisimani, nafaka kutoka mnadani na vyombo vya nyumba siku boma linapohama. Wamasai humwita osikiria, na kazi yake nyingi huandamana na kazi ya wanawake.

Hata hivyo, punda huyo huacha nyuma yake kitu kingine, nacho ni samadi. Ndani ya samadi mna nitrojeni. Nitrojeni hiyo hurutubisha ardhi, hupaa hewani, na ikifika kisimani kwa wingi huweza kumdhuru mtoto mchanga. Kwa sababu hiyo, nchi zote mbili zinazopakana huko Loliondo, yaani Tanzania na Kenya, huhesabiwa kila mwaka kiasi cha nitrojeni kinachotoka kwa wanyama wao, wakiwamo farasi na punda. Makala haya yanaeleza hesabu hizo hufanywaje, zinasema nini na hazisemi nini, na mtoa huduma wa afya pamoja na mzazi wanapaswa kuzitumiaje.

Msomaji akimaliza anatarajiwa aweze kufanya mambo matatu: kukokotoa nitrojeni ya mnyama mmoja na ya boma zima, kusoma kwa uangalifu mchoro unaolinganisha nchi mbili, na kutambua hatari za kiafya zinazohusiana na samadi na namna ya kuzizuia.

NITROJENI HUTOKA WAPI NA HUENDA WAPI

Mnyama alapo majani hupata protini, na kila protini ina nitrojeni. Sehemu ndogo hubaki mwilini ili kujenga misuli, maziwa na mimba. Sehemu kubwa hutoka tena katika mkojo na kinyesi. Nitrojeni ya mkojo hubadilika upesi kuwa amonia, ile harufu kali inayochoma pua mtu aingiapo zizini asubuhi. Nitrojeni ya kinyesi hukaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa husubiri vijidudu vya udongoni viivunjevunje.

Toka hapo kuna njia nne. Kwanza, amonia hupaa hewani. Pili, bakteria hugeuza sehemu ya nitrojeni kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mimea. Tatu, nitrati huyeyuka katika maji ya mvua na kuzama ardhini hadi kwenye maji ya visima, kwa maana udongo hauwezi kuishika. Nne, bakteria wengine huitoa kwa sura ya nitrasi oksidi, gesi ambayo kilo yake moja hulipasha joto anga takriban mara 273 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100.

Wataalamu hutenga samadi katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni samadi iangukayo malishoni na kuachwa hapo. Fungu la pili ni samadi inayotunzwa, yaani ile inayokusanyika mahali pamoja, kama vile zizini, katika lundo au shimoni, kabla ya kutumika au kuachwa. Punda wa Arash wamo katika mafungu yote mawili: mchana huacha kinyesi malishoni na njiani, na usiku hukiacha ndani ya uzio wa miiba.

HESABU HUFANYWAJE

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huchapisha takwimu za nitrojeni ya samadi kwa kila nchi kuanzia mwaka 1961. Mtu anaweza kudhani kwamba kuna watu wanaozunguka mazizini wakipima. Sivyo. Hesabu hiyo ni ya kuzidisha: idadi ya wanyama, mara uzito wa kawaida wa mnyama, mara kiwango cha nitrojeni anachotoa kwa uzito huo, kisha mara sehemu ya samadi inayotunzwa. Viwango vinavyotumika hutokana na mwongozo wa mwaka 2006 wa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC.

Kwa Afrika, mwongozo huo unakadiria kwamba farasi, punda na nyumbu hutoa kilo 0.46 za nitrojeni kwa siku kwa kila kilo 1,000 za uzito. Punda huchukuliwa kuwa na kilo 130, na farasi wa nchi zinazoendelea kilo 238. Basi punda mmoja:

0.46 × 130 ÷ 1,000 = kilo 0.0598 kwa siku, yaani karibu gramu 60.
0.0598 × 365 = kilo 21.8 kwa mwaka.

Kwa njia hiyo hiyo, farasi mmoja wa Afrika hupata kilo 40 hivi kwa mwaka. Ajabu ni kwamba farasi wa Ulaya Magharibi, ambaye hukadiriwa kuwa na kilo 377, hupewa kiwango cha 0.26 tu, hata jumla yake ikawa kilo 36 kwa mwaka. Farasi mdogo anaonekana kutoa nitrojeni nyingi kuliko mkubwa. Huenda lishe na hali ya mnyama vikaeleza sehemu ya tofauti hiyo, lakini jambo la kukumbuka ni kwamba viwango hivi ni makadirio ya bara zima. Havijui mwaka wa ukame ulivyokuwa, wala majani ya Arash yalivyokauka.

TANZANIA NA KENYA KATIKA MIZANI

Farasi ni wachache katika nchi zote mbili. Magonjwa ndiyo yaliyowazuia tangu zamani: nagana, unaoenezwa na mbung'o, na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na kuua farasi wengi wanaoambukizwa. Nchini Kenya farasi huonekana zaidi katika michezo, kama ya mashindano ya Ngong jijini Nairobi. Nchini Tanzania wengi wapo kwa utalii na starehe. Punda anaustahimili ugonjwa huo vizuri zaidi, ndiyo maana mzigo wa Umasaini haukubebwa na farasi. Kwa hiyo anayetaka kujua habari ya nitrojeni ya wanyama wa jamii ya farasi Afrika Mashariki hana budi kumtazama punda.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Ukizidisha kila idadi kwa kilo 21.8, nitrojeni yao yote, ya malishoni na ya mazizini, inashuka kutoka tani 39,000 hivi hadi tani 26,000 hivi. Upande wa Tanzania, takwimu za Serikali za mwanzoni mwa miaka ya 2020 zilitaja punda takriban 657,000, ambao kwa kipimo hicho hutoa tani 14,300 kwa mwaka.

Mtu atazamaye mchoro wa Kenya bila kujua habari nyingine angefurahi. Nitrojeni imepungua kwa theluthi moja katika miaka kumi! Angeweza kudhani kwamba wafugaji wametunza samadi vizuri zaidi, au kwamba visima vimekuwa salama. Lakini katika hesabu hii kiwango cha kila punda hakibadiliki. Kilichobadilika ni idadi ya punda tu. Na sababu moja kubwa inajulikana: kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini Kenya ili kuuza ngozi China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Wizi wa punda ulienea, hata Serikali ya Kenya ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020. Mwaka uliofuata mahakama ikaliondoa katazo hilo. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliazimia kusimamisha biashara ya ngozi za punda katika bara zima.

Hapa ndipo takwimu ya samadi inapokutana na zahanati. Punda wa kilo 130 akibebeshwa theluthi moja ya uzito wake, huchukua madumu mawili ya lita 20. Punda huyo akiibwa au akiuzwa, madumu hayo hayapotei. Yanahamia mgongoni mwa mama au binti. Mama mjamzito anabeba kilo 20 mara mbili badala ya kutembea nyuma ya mnyama. Binti anachelewa shule. Maji ya nyumbani yanapungua, na kinachopunguzwa kwanza ni ya kunawa mikono na kuosha nyuso za watoto. Mchoro unaoshuka unaweza, kwa hiyo, kuwa dalili ya afya inayoshuka.

Kabla ya kuamini ulinganisho wowote wa namna hii, msomaji aulize maswali matatu. Je, idadi ya wanyama ilihesabiwa kweli au ilikadiriwa? Mstari ulionyooka kwa miaka mingi mara nyingi ni alama kwamba idadi ilirudiwa tu. Je, kiwango cha nitrojeni kwa mnyama kilipimwa katika nchi husika, au ni cha bara zima? Na je, kupanda au kushuka kunatokana na utunzaji wa samadi, au na kuongezeka na kupungua kwa mifugo? Asiyeuliza atalinganisha idadi za punda huku akidhani analinganisha usafi wa mazizi.

KUTOKA TAKWIMU YA NCHI HADI BOMA MOJA

Takwimu ya nchi haimwambii mama wa Arash lolote kuhusu kisima chake. Tuchukue basi boma la mfano lenye punda 5, ng'ombe 40, mbuzi 60 na kondoo 60. Kwa viwango vya mwongozo huohuo, punda hutoa kilo 109 za nitrojeni kwa mwaka, ng'ombe kilo 1,590, mbuzi kilo 900 na kondoo kilo 720. Jumla ni takriban kilo 3,300. Kama mifugo hukaa zizini nusu ya saa 24, basi eneo dogo ndani ya uzio hupokea zaidi ya tani moja na nusu ya nitrojeni kila mwaka. Punda ana sehemu ndogo. Lakini yeye hukaa karibu sana na maji, kwa kuwa ndiye aendaye kisimani kila siku.

Nitrojeni hiyo haiondoki upesi. Utafiti uliofanywa katika maeneo makavu ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa mazizi ya wafugaji ni vyanzo vikubwa vya nitrasi oksidi, hata miaka mingi baada ya boma kuhamwa. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018, ulichunguza makazi ya wafugaji wa kale katika Narok, upande wa pili wa mpaka kutoka Loliondo. Udongo wa mahali palipokuwa mazizi miaka kati ya 1,550 na 3,700 iliyopita ulikuwa bado na rutuba kuliko udongo wa kando yake, na majani mazuri yalikuwa bado yakiota hapo. Wafugaji wanajua jambo hili bila maabara: nyasi za boma la zamani huwa za kijani kibichi. Baraka hiyo ya malisho inakuwa hatari pale tu kisima kinapochimbwa ndani yake.

HATARI KWA MTOTO MCHANGA

Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa jimbo la Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya bluu baada ya kunyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya shambani. Visima hivyo vilikuwa vifupi, vilivyojengwa vibaya, na karibu na mazizi au vyoo. Sumu ilikuwa nitrati.

Mwilini nitrati hugeuzwa kuwa nitriti, nayo nitriti hubadilisha hemoglobini ya damu kuwa methemoglobini, ambayo haiwezi kubeba oksijeni. Mtoto wa chini ya miezi sita yumo hatarini zaidi, kwa sababu tumbo lake lina asidi kidogo, na kimeng'enya cha kurudisha hemoglobini katika hali yake hakijakomaa. Kuhara huongeza hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto hawa.

Kilo moja tu ya nitrojeni, kama yote ingegeuka nitrati na kufika majini, ingetosha kufikisha lita 88,000 za maji kwenye kikomo hicho. Kwa bahati njema sehemu kubwa hupaa hewani au hubaki udongoni. Lakini mvua za kwanza baada ya kiangazi kirefu huweza kusukuma kwa mara moja kile kilichokusanyika kwa miezi.

Mtoa huduma akumbuke dalili zifuatazo. Midomo, ulimi, fizi na kucha huwa na rangi ya bluu au ya kijivu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi hizo ndizo sehemu za kutazamwa, si mashavu. Damu huwa ya kahawia, na tone lake likiwekwa juu ya kitambaa cheupe haligeuki jekundu kwa kupigwa na hewa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni huweza kuonyesha karibu asilimia 85 na kubaki hapo hata mtoto akipewa oksijeni. Nimonia na kasoro za moyo za kuzaliwa ndizo sababu za kawaida zaidi za mtoto kuwa bluu, kwa hiyo zichunguzwe kwanza. Lakini ikiwa mapafu na moyo havionyeshi tatizo, na mtoto hunyweshwa maji au maziwa yaliyochanganywa na maji ya kisima, swali la nitrati liulizwe.

Mtoto huyo apewe oksijeni, maji hayo yasitishwe mara moja, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Tiba ya hospitalini ni methileni bluu, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, ikidungwa mshipani polepole kwa muda wa dakika tano. Dawa hiyo haifai kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo si adimu Afrika Mashariki, kwani huweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

KUCHEMSHA HAKUTOSHI

Wazazi hufundishwa kuchemsha maji, na mafundisho hayo ni sahihi kwa vijidudu. Kwa nitrati hayafai. Maji yakichemka mvuke huondoka na nitrati hubaki, hivyo kila kikombe huwa na nitrati nyingi kuliko kabla. Vidonge vya klorini pia haviiondoi. Kinga yake ni ya namna nyingine.

Kinga ya kwanza ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, pasipo maji wala maziwa ya ng'ombe. Nitrati ya maji anywayo mama haiingii kwa wingi katika maziwa yake, hivyo mwili wa mama ni chujio bora kuliko chombo chochote kinachouzwa dukani.

Kinga ya pili ni mahali pa kisima. Kisima kiwe mbali na zizi, lundo la samadi na choo, angalau mita 30, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Kisichimbwe penye boma la zamani, hata kama miti yake imekwisha kukua. Kiwe na ukuta, mfuniko na sakafu ya kuzuia maji machafu yasirudi ndani. Punda na mifugo wengine wanyweshwe kwenye birika lililo kando, wasisimame mdomoni mwa kisima.

Kinga ya tatu ni kuondoa samadi. Ikitolewa zizini kabla ya mvua na kupelekwa kwenye bustani au shamba, nitrojeni yake huingia katika mboga na mahindi badala ya maji. Panapokuwa na mashaka, maafisa wa afya ya mazingira au wa maji waombwe kupima kisima, hasa baada ya mvua.

Hatari mbili nyingine zinastahili kutajwa. Amonia ya zizi huwasha macho na njia ya hewa. Ndama na wana-mbuzi wanaolazwa ndani ya nyumba pamoja na mtoto mchanga huongeza mzigo huo juu ya ule wa moshi. Tena, kinyesi cha wanyama wa jamii ya farasi na cha ng'ombe hubeba mbegu za pepopunda. Kisipakwe kamwe kwenye kitovu cha mtoto. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kiachwe kikavu na safi au kipakwe dawa ya klorheksidini kama mhudumu atakavyoelekeza, na mama apate chanjo ya pepopunda kabla ya kujifungua. Bibi na wakunga wa jadi ndio wenye neno katika jambo hili. Aliye na nia ya kubadilisha desturi aanze kwa kuketi nao na kuwasikiliza.

HITIMISHO

Nitrojeni ya punda wa Kenya na Tanzania hupanda na kushuka kwenye karatasi kadiri punda wanavyoongezeka na kupungua. Takwimu hiyo ni muhimu kwa wanaopima joto la dunia, lakini haipimi usalama wa maji ya boma wala uzito wa dumu mgongoni mwa mama. Afya ya Arash inahitaji punda aliye hai na mwenye nguvu, na samadi yake iliyo mbali na kisima. Mambo hayo mawili hayapingani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Boma lina punda 8. Kwa kiwango cha IPCC, hutoa kilo ngapi za nitrojeni kwa mwaka?
2. Mchoro waonyesha nitrojeni ya punda wa nchi fulani haikubadilika hata kidogo kwa miaka 15. Taja maelezo mawili yanayowezekana.
3. Mzazi asema, "Maji ya kisima chetu ni salama kwa mtoto, maana nayachemsha." Utamjibu nini?
4. Mtoto wa miezi miwili ana midomo ya bluu, na kipimo chake cha oksijeni hakipandi hata akipewa oksijeni. Ni maswali gani utamwuliza mama yake kuhusu maji na chakula cha mtoto?